Kitabu Nilichosema Nimekimaliza

Nilisema nimekimaliza. Hilo ndilo kosa langu, na lilikuwa la kijinga kwa sababu hakuna aliyenilazimisha. Mwalimu mstaafu, ambaye nyumba yake na yangu zinapakana hapa Kilosa, alinikuta kibarazani na kitabu cha Kiingereza mapajani, akaniuliza nimefika wapi. Ndiye aliyenifundisha Kiingereza sekondari, na matokeo yangu anayakumbuka kuliko ninavyoyakumbuka mimi. Nikamwamkia, nikamwambia hiki nilishakimaliza zamani. Akaitikia marahaba, akanyoosha mkono.

"Basi niazime."

Ningefanya nini? Nilikuwa nimebakiza sura za mwisho tu, zile ambazo muuaji anatajwa. Nilikuwa nakisoma kwa kamusi, polepole kama mtu anayechambua mchele, tangu dada yangu aliponiletea kutoka Mikumi. Yeye anafua mashuka kwenye hoteli ya watalii, na mgeni mmoja Mwingereza alikiacha akasema hakihitaji tena. Mimi si mtu wa kutoka. Mke wangu husema nikifika sokoni nimesafiri. Sasa hapo nilikuwa nimepata pa kwenda bila kuvaa viatu: jumba kubwa la mawe, theluji nje, mzee tajiri amekutwa amekufa kwa sumu, na ndani wamo wapwa zake, mpishi, wakili na mtunza bustani. Mmoja wao ameua. Nilitaka nimjue mwenyewe, kwa kichwa changu, bila kuambiwa na mtu. Sikuwa na tamaa nyingine kubwa kipindi kile.

Mwalimu alikimaliza upesi mpaka nikaona haya. Halafu akafanya jambo ambalo sikulitegemea: akaanza kukisimulia kwa Kiswahili, kila alasiri, kwenye baraza la fundi cherehani. Wasikilizaji wakuu walikuwa fundi mwenyewe na mama muuza maziwa, jirani yangu wa nyuma. Familia ya mama huyu ilikuja na ng'ombe wao kutoka kanda ya ziwa, na yeye akisema amesema. Nami nikabaki nimekwama. Nisingeweza kumwambia mtu yeyote asinitajie muuaji, maana mimi nilishakimaliza zamani.

Baraza lile liko kati ya nyumba yangu na duka. Nikitaka chumvi, napita. Nikipita, naitwa nije nisaidie kueleza, si mimi ndiye mwenye kitabu? Nakaa. Mwalimu akianza kukaribia mwisho, nakumbuka nimeacha maharage jikoni. Maharage yangu yaliungua mara nyingi sana siku zile, mpaka fundi akamuuliza mke wangu kwa nini kwake anapika mume.

Na maoni yao yalinichosha kuliko hata hofu ya kuambiwa. Hakuna aliyeshughulika na sumu. Fundi alitaka kujua turubai lilifungwa upande gani wa nyumba. Mwalimu akamweleza kwamba Waingereza wale hawakufunga turubai, hawakupikia watu, wala hakuna aliyekuja kulala msibani. Maiti iko chumba cha juu, wenyewe wako chini wanabadilisha nguo kwa ajili ya chakula cha jioni. Fundi akaweka mkasi chini. Akasema kama ni hivyo wote wameua, kesi imekwisha, huyo mwandishi amemaliza karatasi za watu bure. Nikajaribu kumweleza kwamba utamu wa hadithi kama hii ni kutafuta yupi. Akasema yeye hawezi kutafuta mmoja kwenye kundi la watu wanaobadilisha nguo.

Mama muuza maziwa yeye aliuliza nani alichimba kaburi. Akauliza huku ananitazama. Huku kwetu, nenda kijiji cha Ulaya, nenda Magole, mwanaume asiyeonekana makaburini kwenye msiba wa jirani atasemwa mpaka achoke. Mimi kwenye msiba uliopita nilikwenda na koleo langu. Nililishika kidogo, kisha likachukuliwa na watu waliosema wanataka kumaliza kabla ya mvua.

Bahati nzuri sehemu ya kaburi nilikuwa nimeisoma, nikaona hapa ndipo pa kujionyesha. Nikawaambia kwamba katika jumba lile lote, mwenye utu ni mtunza bustani. Ardhi imeganda kwa baridi, wapwa wamesimama na glavu zao wanaangalia saa, yeye anachimba peke yake, hataki kupokewa, machozi yanamtoka.

"Mtu kama yule angekuwa mtaani kwetu," nikasema, "mimi ningemwachia hata funguo za nyumba."

 Fundi akainamia cherehani isiyo na nguo. Mwalimu akakohoa, akavua miwani, akaifuta kwa shati. Mama muuza maziwa akanitazama, akamtazama mwalimu, akabeba dumu lake akaenda zake. Nilirudi nyumbani nimefurahi. Nilidhani nimewagusa.

Tangu siku hiyo fundi hakuniacha nipite bila kuuliza hali ya rafiki yangu mtunza bustani. Nami nikawa nampa sifa mpya: hanywi pombe, hagombani na mtu, hata maua ya kaburini anamwagilia yeye.

Mwishowe nikaenda kumwomba mwalimu kitabu changu, nikasema nataka kukirudia kwa raha. Akaniambia amempa binti yake, nesi wa Mikumi, alipokuja kumsalimia. Yaani kitabu kilichotoka Mikumi kimerudi Mikumi, na mimi ambaye sokoni ni safari nikapanda gari kupitia Ulaya, nikashuka nina vumbi mpaka kwenye meno.

Binti alinipokea vizuri. Akaniamkia, akanipa soda, akaanza kusema kwamba yeye mwisho wake haukumfurahisha hata kidogo, kwa sababu ukiangalia tangu mwanzo... Nikaweka simu sikioni, nikasema haloo kwa mtu ambaye hakuwepo. Malori ya Zambia yalikuwa yanapita barabarani kwa kishindo, nikapata kisingizio cha kupaza sauti. Nilipomaliza kuongea na hewa, nesi alikuwa ananitazama kama anavyotazama wagonjwa wake. Akanikabidhi kitabu.

Kesho yake asubuhi nilimwambia mke wangu kwamba mimi sipo. Nikabeba kigoda mpaka nyuma ya nyumba, karibu na banda la kuku, nikafungua pale nilipokuwa nimekunja ukurasa. Kunjo langu lilikuwepo bado, mwalimu hakulinyoosha. Wakili anawakusanya wote sebuleni. Mpishi analia. Mtunza bustani anaingia na matope kwenye viatu, nikamwonea huruma, kusumbuliwa na kazi zake zote zile. Nikalowesha kidole ili nifunue ukurasa.

Mama muuza maziwa alikuwa amesimama kwenye pengo la ua. Akaweka dumu chini. Akakitazama kitabu, akalitazama kunjo, kisha akanitazama mimi.

"Jirani, mtaa mzima tunajua hukukimaliza. Aliyekimaliza hawezi kumsifu yule mtunza bustani."