Tulivyokwenda Barbados Kupiga Mbizi, Mimi na Mama Tumaini

Chanzo cha safari hii ni gari bovu. Mwaka ule Tunduma bado tulikuwa Mkoa wa Mbeya, na duka langu la vipuri lilikuwa limeshatoka kwenye meza ya mbao likahamia kwenye jengo la vioo. Wazungu wawili, mume na mke, waliharibikiwa na gari wakielekea Zambia. Walikaa siku mbili kwenye benchi langu wakingojea beringi ije kutoka Dar. Katika kungoja huko wakanionyesha picha kwenye kompyuta yao: wao wawili chini ya bahari, mitungi ya hewa mgongoni, samaki wa njano wamewazunguka kama vifaranga. Nikauliza ni wapi. Wakasema Karibiani. Nikauliza bei. Wakaitaja huku wakicheka, na mimi sikucheka, maana niliiweza.

Mimi niliishia darasa la saba, kijijini Itaka, kwa baba yangu mkulima wa kahawa. Biashara ilipofunguliwa nchini nilianza kuvusha sabuni na betri za redio kwa baiskeli, nikapanda pole pole mpaka vipuri vya malori. Nyumba yangu ya kule Mpemba, nje kidogo ya Tunduma, kila tofali nalijua lilivyopatikana. Sikurithi hata kijiko. Mtu kama mimi akisema atakwenda mahali, anakwenda.

Kosa langu nililisema mbele za watu. Ilikuwa kwenye harusi ya binti wa jirani, nimeketi meza moja na Sichone, muuza magodoro, ambaye alikuwa amerudi kutoka China na hakuacha mtu ale wali wake kwa amani. Nikamwambia China siku hizi kila mtu anakwenda. Mimi nitashuka chini ya bahari ya Karibiani na kurudi. Sichone akafuta mdomo taratibu.

"Wewe mtu wa Itaka," akasema, "maji uliyoyazoea ni ya ndoo. Ukishuka, mimi nachinja ng'ombe, watu wote hawa wale. Usiposhuka, unachinja wewe."

Tukapeana mikono. Ng'ombe si kitu kwangu. Jina ndilo kitu, na kuanzia siku ile hata madereva wa malori walikuwa wakija kununua boliti moja wanauliza kwanza naondoka lini.

Mipango ilichukua miezi minane. Watu hudhani safari ya namna hii ni kuwa na hela tu. Hela bila kuchagua ni mzigo bila turubai, mvua moja na umekwisha. Binti wa ofisi ya tiketi kule Mbeya alinitandikia visiwa mezani kama vitenge. Kimoja maji yake mazuri, ila visa yake unaiomba nchi nyingine. Kingine unabadilisha ndege mara nne. Barbados Mtanzania haombi visa, ni kile kibali cha kupita London tu ndicho kilichotutoa jasho, na bahari yake ya upande wa magharibi ni tulivu, inawafaa wanaoanza. Bei ya Septemba ilikuwa chini sana. Nikatoa kalamu nisaini palepale. Mke wangu, Mama Tumaini, aliyeketi kando yangu, akauliza kwa nini ni chini. Binti akainamisha macho, akasema ile ni miezi ya vimbunga. Basi tukachukua mwisho wa Aprili: Pasaka imepita, bei imelegea, vimbunga havijaamka.

Bajeti niliifanya kwa njia yangu, njia ya bahasha. Ya kwanza niliandika Kwenda; humo zikaingia tiketi na chumba. Ya pili Kushuka. Humo wakaingia mwalimu, mitungi, mashua, bima, na daktari kama atatakiwa. Ya tatu Kurudi, na hiyo haifunguliwi hata kwa msiba. Ujanani niliwahi kununua mzigo Lusaka kwa nauli ya kurudia, nikalala wiki nzima juu ya magunia ya watu. Tiketi zetu mbili peke yake zilikuwa bei ya pikapu nzuri iliyotumika. Nililipa, nikakunja risiti, nikaiweka mfuko wa shati, ncha yake ikichungulia nje.

Na kwa kuwa mtu wa mpakani hasafiri mikono mitupu, nikafungasha kilo kumi za kahawa ya shamba la baba, iliyokaangwa tayari.

Jumatatu, saa kumi na moja alfajiri, tuliondoka Mpemba. Sichone aliamka kuja kutuaga, nadhani ahakikishe kweli tunaondoka. Alinipa ndoo mpya ya plastiki, eti ya mazoezi njiani. Watu walicheka, nami nikacheka, nikaiacha kwa mlinzi.

Tukapanda ndege uwanja wa Songwe, tukalala Dar, kesho yake tukaruka hadi London, na kutoka London saa nane na zaidi juu ya maji matupu. Mama Tumaini alikaa dirishani. Mimi nilimwambia napenda upande wa njia kwa sababu ya miguu.

Bridgetown, mji mkuu wa Barbados, tulifika mchana, jua kama la kwetu bondeni Momba. Mtu wa forodha aliniuliza nimebeba nini. Kiingereza changu ni cha mpakani, cha bei na mzigo, lakini swali lile nalijua katika kila lugha. Nikajibu sina kitu. Wakati huohuo begi zima linanukia kahawa. Akalifungua, akanusa, akatabasamu, akasema kahawa iliyokaangwa inaruhusiwa, ningesema tu. Ningejifunza hapo. Sikujifunza.

Mwenyeji wetu aliitwa Bi Marva, mjane mwenye nyumba ya wageni karibu na ufuko. Nilimpa kahawa kilo mbili, akaonja, akafumba macho, na tangu hapo kifungua kinywa chetu wawili kilitosha watu wanne. Aliniuliza Tunduma ni mji wa namna gani. Nikamwambia ni mji mkubwa, malori ya nchi nne yanalala kwetu.

"Kwa hiyo ni maegesho," akasema.

Nilipomtafsiria Mama Tumaini alicheka mpaka akaweka kikombe chini.

Siku ya pili asubuhi tulikwenda kwa mwalimu wa mbizi, kijana mrefu aitwaye Errol. Kabla ya kugusa mtungi, akatupatia fomu ya afya. Una pumu? Umewahi kuzimia? Una ugonjwa wa moyo? Una presha, unatumia dawa? Sasa nieleze jambo moja ambalo wenzangu wa Tunduma watalielewa. Sisi wafanyabiashara wa zamani tumelelewa na swali la una nini. Tulijifunza kwamba ukikubali kimoja watapekua vyote, kwa hiyo jibu ni huna. Mkono wangu ukateremka kwenye fomu ile kama uko kazini: hapana, hapana, hapana, mpaka chini. Nikasaini kwa madaha.

Mama Tumaini alikuwa ameiangalia fomu yangu kwa jicho la pembeni. Kiingereza hajui, lakini safu ndefu ya alama za upande mmoja haihitaji Kiingereza. Akafungua mkoba, akatoa vidonge vyangu vya presha, vile ninavyomeza kila asubuhi mwaka wa tatu sasa, akaviweka juu ya fomu mbele ya Errol.

"Hapa si mpakani, Baba Tumaini," akaniambia.

Errol akasoma jina la dawa, kisha kwa heshima akanielekeza kwa daktari. Bahasha ya Kushuka ikafunguka. Daktari, mama wa makamo, alinipima mara mbili, akaningoja nipumzike, akanipima mara ya tatu. Akasema juu ya mashua ndiyo, chini ya maji hapana. Nikamuuliza, kama tunavyouliza kwetu, kama kuna namna yoyote.

"Namna ipo," akanijibu. "Uishi."

Mchana ule nilikaa kwenye baraza ya Bi Marva nikiitazama bahari niliyoilipia. Sikuwa namuona samaki hata mmoja. Nilikuwa namuona Sichone anafuta mdomo. Miezi minane, mabara mawili yamevukwa, na mtu wa Itaka amezuiwa na kipande cha mpira cha kupimia presha kilichofungwa mkononi. Mama Tumaini akaja akaketi, akaniuliza kama malipo ya watu wawili yamekwishapokelewa. Nikasema yamepokelewa.

"Basi nashuka mimi."

Nikamtazama. Nilikuwa nimemhesabia mazoezi ya bwawani tu, kisha akae kwenye mashua anipige picha. Akanikumbusha kitu ambacho katika miaka ishirini na tano ya ndoa sikuwahi kukiweka kwenye hesabu. Yeye ni wa Kamsamba. Nilimwoa akiuza mchele, lakini kabla ya mchele alikuwa mtoto wa Mto Momba.

"Ule mto nimeuvuka kwa kuogelea nikiwa na miaka tisa," akasema, "na mamba walikuwepo. Hapa wana mamba?"

Nikamuuliza Errol. Hawana.

Siku ya tatu yeye na Errol walikuwa bwawani. Errol alimfundisha kwa ishara za mikono, na kwa kuwa huko chini hakuna anayeongea, Kiingereza hakikudaiwa. Alijifunza kuvua miwani chini ya maji na kuivaa tena, kutoa maji kwenye mdomo wa mpira wa kuvutia hewa, kupanda pole pole bila kubana pumzi. Errol akaja kuniambia wengi siku ya kwanza huvuta hewa kama wanaokimbizwa, ila huyu mama anapumua kama amelala. Nikamwambia ndivyo alivyo. Kusema kweli nami nilikuwa nagundua siku hiyohiyo.

Siku ya nne, saa tatu asubuhi, mashua ikatia nanga. Alivaa mtungi, akaninyooshea mkoba wake, akaingia kwa kurudi nyuma kama walivyomfundisha, na bahari ikajifunga. Nahodha alinionyesha mapovu: yakiendelea kupanda, mtu anapumua. Mimi nimehesabu katoni, nimehesabu malori, nimehesabu siku za kungoja mzigo, lakini sijawahi kuhesabu kitu kwa moyo wote kama mapovu yale. Yakikawia kidogo nasimama. Nahodha akaniomba niketi, mashua inayumba. Sichone hakunijia akilini hata mara moja.

Baada ya dakika thelathini na kitu kichwa chake kikachomoza mbali kidogo na nilipokuwa nikitazama. Tulipomvuta ndani alikaa akitiririka maji, alama ya miwani imemzunguka uso, nami nikamuuliza ameona nini.

"Nimeona kasa," akasema. "Mkubwa kama tairi la lori. Amenitazama vile mama yako alivyonitazama siku uliponipeleka Itaka."

"Kisha?"

"Kisha akanizoea."

Akashuka mara ya pili siku iliyofuata, na Errol akampa cheti chenye jina lake kamili, si Mama Tumaini. Siku moja nzima tukapumzika, kwa sababu aliyepiga mbizi hapandi ndege upesi. Bahasha ya Kurudi ilifika London haijaguswa.

Ndani ya ndege ya kurudi Dar, Mama Tumaini akaniinamia akasema nikitaka, yeye atasema tulishuka wote wawili, hakuna atakayejua. Nililifikiria jambo hilo mpaka chakula kikaletwa. Ningeshinda ng'ombe wa Sichone. Lakini ningemnyang'anya yeye bahari nzima. Tulipofika Dar nikapiga simu nyumbani, nikaagiza watafute ng'ombe, dume, aliyenona, kwa hela yangu.

Jumamosi Mpemba ilijaa. Sichone alifika mapema, amevaa suti ya China, akaona ng'ombe ameshachunwa, akaelewa alivyotaka kuelewa.

"Kwa hiyo hukushuka," akasema kwa sauti ya kutosha meza tatu.

"Sikushuka. Nina presha."

"Sasa nani ameshuka?"

Nikamnyooshea kidole Mama Tumaini, aliyekuwa amezungukwa na wanawake, mikono yake ikionyesha ukubwa wa kasa. Cheti chake kilikuwa ukutani kwenye fremu ya kioo, juu kuliko leseni yangu ya biashara.

"Na wewe kule ulifanya nini?" Sichone akauliza.

"Nilimshikia mkoba," nikamjibu, na sijawahi kumjibu mtu kwa kifua kipana kama siku ile.

Kwa anayetaka kwenda, ushauri wangu ni huu. Nenda Aprili. Bahasha ya kurudi usiiguse. Fomu ya afya ijibu kweli, yule anayeuliza hatafuti ushuru. Na kama umeoa Kamsamba, muulize mapema alijua nini kabla hajakutana na wewe.