Mchele kwa Watoto wa Qaranqashuh

Ramadhani yetu ya kwanza Maskati iliangukia siku za baridi. Ilikuwa miaka ya sitini, na tulikuwa hatujamaliza hata mwaka tangu tutoke Unguja. Tulikaa kwa shangazi yake mume wangu, bibi mcheshi aliyewahi kuishi Unguja ujanani mwake kisha akarejea. Alhamdulillahi, hatukukosa chakula wala pa kulala. Kilichonikaa moyoni ni binti yangu. Alikuwa na miaka sita, na hakuwa na mwenziwe hata mmoja. Kiarabu alichokijua ni kile cha msahafu, nilichomsomesha mwenyewe. Akitoka kichochoroni na kutaka kucheza, alisema kama khatibu juu ya mimbari, na watoto wakaanguka kwa kicheko. Mwisho akaacha kutoka. Alishinda uani na mdogo wake wa miaka mitatu, wakipika mchanga kwenye vifuu.

Usiku wa nusu ya mwezi tulikuwa tumekwisha kufuturu, na baba yao kenda msikitini. Nikasikia nyimbo na kishindo kama cha mawe yanayogonganishwa, kikaja mpaka mlangoni petu. Nilipofungua nikakuta kundi la watoto, mifuko ya kitambaa shingoni, makombe ya pwani mikononi. Walimaliza kuimba, wakanitandazia mifuko yao.

Kwetu Unguja, mtoto usiyemjua akikugongea mlango Ramadhani na mfuko mkononi, kaja kutaka sadaka. Nikasema, masikini, mayatima hawa, na wengi namna hii. Nikakimbilia jikoni, nikachota mchele, nikammiminia kila mmoja kibaba, na dua juu yake.

Msichana mkubwa wao akachungulia mfukoni mwake, akanitazama, akachungulia tena. Halafu wote wakapasuka kwa kucheka, wakaenda kukaa ukutani kupembua peremende zao na njugu kutoka kwenye mchele.

Shangazi akaja nyuma yangu. "Umewapa nini?"

"Mchele, shangazi."

"Mbichi?"

"Sasa ningewapikia?"

Akakaa kizingitini, akacheka mpaka akajifuta macho kwa ncha ya mtandio. Ndipo akanieleza kuwa hiyo ndiyo Qaranqashuh: kila nusu ya Ramadhani watoto huzunguka nyumba kwa nyumba, wakaimba na kupewa vitamu, wakishangilia kuwa nusu ya mfungo imekwisha.

Binti yangu alikuwa nyuma ya mlango, kasikia yote. "Kesho watanicheka zaidi, mama," akasema. Akachungulia kichochoroni. "Lakini na mimi nnataka kwenda."

"Mwanangu, sisi hatuombi kwenye milango ya watu. Nilikufundisha nini? Mkono wa juu ni bora kuliko wa chini."

"Ewe mwalimu," shangazi akasema, "hebu nisikilize na mimi nisiyesoma. Hao wanagonga kwa tajiri na kwa mchota maji, na mtoto wa tajiri yumo humo humo. Nani hapo kamuomba nani? Kama ni kuomba, basi mtaa mzima ni waombaji, na huyu wako peke yake ndiye sultani. Mwache akae na usultani wake uani."

Nikamtazama mtoto. Alikuwa kashika mlango kwa mikono miwili.

Nilikuwa nimekaanga visheti vya kupeleka msikitini. Nikavitia kwenye sinia, vingali vya moto, nikampa. Shangazi akavua foronya kwenye mto wake, akamtundika shingoni. Binti yangu akavuka kichochoro, sinia limemfunika kifua, akasimama mbele ya yule msichana mkubwa. Akamsogezea sinia tu. Nadhani aliogopa Kiarabu chake.

Msichana akachukua kimoja, akatafuna polepole. Akachukua cha pili. Wenziwe wakamvamia mtoto wangu, na mimi nikataka kutoka. Shangazi akanishika kanga. "Tulia wewe."

Sinia likarudi tupu, limebebwa na kitoto nisichokijua. Binti yangu alikuwa keshapinda kona pamoja nao.

Nikakaanga vingine, sikio kichochoroni. Kishindo kikaenda mbali, kikapotea, kikarudi. Mlango ukagongwa.

"Hao hao," shangazi akasema. "Kila mwaka hupita mara mbili, wakajifanya wageni."

Nikafungua. Binti yangu alikuwa safu ya mbele, makombe mikononi, anaimba kwa pumzi zake zote maneno ambayo naamini nusu yake hakuyajua. Mdogo wake akapenya miguuni mwangu. "Mama, dada huyo!"

Dada akamkazia jicho anyamaze. Kisha akanitandazia foronya, uso mkavu, kama hajapata kuniona maishani mwake.

Nikamtilia visheti viwili, sawa na wenziwe. Akenda zake nao nyumba ya pili, na hakugeuka.