Nafasi ya Mtu Mmoja

Ezron Silwimba alikuwa mkulima wa ulezi pale Tunduma, na mpaka wa Rhodesia ya Kaskazini kwake ulikuwa njia tu ya kwenda kwa wajomba. Ndiyo maana yeye na shemeji yake, Lusungu, walivuka wakajiandikisha katika jeshi la upande wa pili. Ruti, mama yake Lusungu na mkwe wa Ezron, hakupenda, lakini vijana walishaamua.

Mwaka 1954 walikuwa katika nchi ya Malaya, huko Asia, wakiwasaka waasi msituni. Askari wa zamani waliopigana Burma walisimulia jinsi walivyobeba majeruhi kwa machela kutwa nzima kwenye matope, na wengi wakakata roho wakiwa mabegani mwa wenzao. Sasa kulikuwa na helikopta. Iliwavusha milima kabla jasho halijawatoka, ikatua mahali padogo kama uwanja wa kupuria ulezi. Askari wakapata moyo: ukipigwa risasi, utafuatwa.

Siku waliyoviziwa mtoni, Ezron alivunjwa goti, Lusungu akapigwa tumboni. Wenzao wakafyeka miti, helikopta ikashuka. Iliyokuja siku hiyo ilikuwa ndogo, na joto liliipunguzia nguvu. Rubani akaonyesha kidole kimoja.

Mganga wa kikosi akawatazama wote wawili kama mtu anayechambua mbegu. "Huyu wa mguu," akasema. "Yule hatafika."

Lusungu alisikia. Akalikamata shati la Ezron. "Shemeji, usiniache huku."

"Itarudi kukuchukua," Ezron alisema. Alijua jua linazama, na helikopta ile haikuruka gizani. Akavibandua vidole vya shemeji yake, kimoja kimoja.

Alifika hospitali damu yake ikiwa bado mbichi. Mguu ukakatwa, akapona. Lusungu alibebwa kwa machela, akafa kesho yake njiani. Wakamzika huko huko.

Ezron aliporudi Tunduma na magongo yake, Ruti alimkaribisha kigoda, akataka aelezwe yote. Ezron hakuficha kitu. Mkewe, Marita, dada yake Lusungu, alisikiliza akiwa amesimama mlangoni.

"Ndege ishuke porini pasipo uwanja," Ruti alisema, "imchukue mmoja, imwache mwingine?"

"Ndiyo, Mama."

"Na vidole vya mwanangu ulivitoa wewe?"

"Mimi, Mama."

Ruti hakulia. "Huo uongo wa ndege ningekusamehe. Hilo la vidole ni kweli, naliona usoni mwako."

Marita alihamia kwa mama yake kabla ya mavuno, pamoja na watoto. Wazee wa kanisa walikwenda kusuluhisha. Marita akawajibu kwa upole kwamba hawezi kulala tena karibu na mikono ile. Wazee wakanywa togwa, wakaaga.

Ezron alilima peke yake, ameketi chini, akijivuta kwa makalio kutoka tuta hadi tuta. Watoto wake walipotumwa kisimani, walizunguka kwa njia ya mbali ili wasipite shambani kwake. Naye, alipowaona, aliinamisha kichwa akaendelea kupalilia.