Jumba la Bamberg na Shangazi wa Kassel

Mwaka ule wa korona ambao hatukuruhusiwa kwenda zaidi ya kilomita tano kutoka mlangoni kwetu, mke wangu na mimi tulikosana kwa sababu ya Ujerumani.

Tulikuwa tunaishi Doonside, magharibi mwa Sydney, na bado tunaishi hapo. Ukichora duara la kilomita tano ukianzia nyumbani kwetu unapata stesheni, maduka, uwanja wa kriketi na nyumba nyingi zinazofanana na yetu. Helikopta ya polisi ilizunguka juu ya mapaa yetu kama mwewe aliyeona vifaranga, huku watu wa upande wa ufukweni wakionyeshwa kwenye taarifa ya habari wameketi mchangani na vikombe vyao vya kahawa. Mke wangu ni muuguzi katika hospitali moja ya Westmead, kwa hiyo yeye alikuwa na ruhusa ya kutoka. Mimi nafundisha Kiingereza kwa watu waliohamia huku karibuni. Nilikuwa nikifundishia chumbani, kompyuta ikiwa juu ya meza ya kupigia pasi. Wanafunzi wangu waliniona kuanzia kifuani kwenda juu, na hiyo ndiyo sehemu yangu pekee iliyokuwa imevaa vizuri.

Chuo kikuu kule Nairobi nilisoma Kijerumani. Ukiniuliza kwa nini, jibu ni kwamba nilikosa nafasi ya kusoma sheria. Kitabu chetu cha mwaka wa kwanza kilikuwa na picha moja tu ya rangi: jumba la halmashauri ya mji wa Bamberg, limejengwa katikati ya mto, madaraja mawili yamelishika huku na huku kama askari wawili waliomkamata mlevi. Niliitazama picha ile mpaka nikahitimu. Wenzangu walikuwa na picha za wachezaji mpira juu ya vitanda vyao. Mimi nilikuwa na jumba la halmashauri. Nilijiapia kwamba siku moja nitasimama pale darajani. Kisha maisha yakanileta Australia, ambako Kijerumani changu kimepata kazi mara moja tu, ndani ya treni pale Lidcombe, nilipomsalimia bibi mmoja aliyekuwa akisoma gazeti la kwao. Akanijibu kwa Kiingereza.

Mke wangu na mimi tulikuwa tumeahidiana kwamba tukifikisha miaka ishirini ya ndoa tutaizunguka Ujerumani. Miaka ishirini ikafika, mipaka ikafungwa, tukala keki jikoni. Mwaka uliofuata tukafungiwa tena, na safari hii ilikuwa kweli kweli. Kwa kuwa kusafiri kulikatazwa lakini kupanga hakukukatazwa, nikabandika ramani ya Ujerumani kwenye mlango wa friji na kuitia miji yangu alama nyekundu: Lübeck, Dresden, Weimar, Heidelberg, Bamberg.

Mke wangu alirudi kutoka kazini, akaoga, akaja jikoni na taulo kichwani. Alama ya barakoa ilikuwa bado imemkaa juu ya pua. Akaitazama ramani kwa muda.

"Hapa Lübeck tutafikia kwa nani?"

"Hotelini."

"Nimeuliza kwa nani."

"Mama, ni hoteli. Unafikia kwa hoteli."

"Na Dresden?"

"Hoteli."

"Weimar?"

Akafungua friji, akatoa maziwa, akaufunga mlango taratibu ili asiichane Ujerumani yangu.

"Mji ambao huna mtu, unakwenda kumsalimia nani? Ukuta?"

Ndipo nilipogundua kwamba mke wangu aliijua Ujerumani kuliko mimi niliyeisomea. Kwake nchi ile haikuwa na miji, ilikuwa na watu. Hannover ilikuwa binamu yake anayesuka nywele. Stuttgart ilikuwa rafiki yake wa shule ya bweni, aliyeolewa na fundi wa lifti. Na Kassel ilikuwa Shangazi, dada ya baba yake, aliyekwenda huko zamani na ambaye kila Krismasi alikuwa akiwatumia watoto wa kaka yake viatu. Viatu vile, mke wangu anasema, vilikuwa vizito kiasi kwamba ukikimbia navyo ulikuwa ukisikika mpaka kanisani. Mume wa Shangazi, Mjerumani mmoja mpole, alikuwa ameshafariki, na mama yule alikuwa akiishi peke yake ghorofa ya tatu.

Nilijaribu kuitetea hoteli. Nilisema tutalala vizuri, tutakuwa huru, hatutamsumbua mtu.

"Nilale hoteli na watu wangu wapo? Wasikie kwamba nilipita mlangoni kwao nikaenda kulala kwa mashuka ya kukodi? Wewe unataka nizikwe na nani?"

Binti yetu, aliyekuwa na miaka kumi na sita na ambaye anaelewa Kiswahili chote lakini hujibu kwa Kiingereza, aliinua kichwa kutoka kwenye simu yake akasema kwamba sisi ndio watu pekee Sydney nzima tunaogombana juu ya nchi ambayo hatuwezi kwenda, na kwamba hata dukani tunakwenda mmoja mmoja.

Sijui nani alivujisha habari kwenye kikundi cha ukoo. Kwa kweli najua. Ni mke wangu. Ndani ya wiki moja simu zikaanza kuingia kutoka Ujerumani. Binamu wa Hannover alikuwa ameshanunua godoro. Rafiki wa Stuttgart aliuliza kama mimi nakula nguruwe. Kila aliyepiga simu alipewa siku zake, na kila siku iliyotolewa ilitoka kwenye miji yangu. Lübeck ilikwenda kwanza. Dresden ikafuata. Weimar niliitetea kwa hotuba ndefu juu ya historia ya utamaduni, na mwisho wa hotuba mke wangu alikuwa amesinzia na mkono shavuni. Heidelberg niliitoa mwenyewe, kama mtu anayetupa mizigo baharini ili chombo kisizame. Nikabaki na Bamberg.

Nisionekane kana kwamba nilionewa. Miezi ile mke wangu alikuwa akirudi nyumbani hana neno. Wodini kwao wagonjwa hawakuruhusiwa wageni, na sehemu ya kazi yake ilikuwa kumshikia mtu simu mbele ya uso ili watoto wake wamwone. Alikuwa akifika, anaoga, anakaa jikoni anatazama mbele tu. Kisha macho yake yanaangukia ile ramani, na baada ya muda namsikia: "Hivi kutoka Hannover mpaka Kassel ni saa ngapi kwa treni?" Na mimi najibu, maana ratiba za treni za Ujerumani ndicho kitu ninachokijua vizuri bila faida yoyote. Tukiendelea hivyo kidogo, anaanza kuimba kwa puani huku anakata vitunguu. Ningemwachia hata Berlin.

Lakini Bamberg sikuwa tayari kuiachia.

Mipaka ilipofunguliwa, mke wangu akaomba likizo, akapewa wiki mbili. Tukakaa mezani na kuhesabu, na hesabu ikakataa. Tatizo lilikuwa Kassel. Kumtembelea mtu mzima kama Shangazi ni siku tatu: siku ya kufika, siku ya kukaa, na siku ya kuomba ruhusa ya kuondoka na kunyimwa. Ukiweka Kassel, Bamberg haiingii. Ukiweka Bamberg, Kassel haiingii.

"Basi tuiache Bamberg," nilisema, kwa sauti ya mtu anayesamehe kila mtu.

"Una hakika?"

"Ni jumba tu."

Kisha nikaenda chumbani kupiga pasi. Nilipiga pasi mashati, nikapiga pasi mashuka, nikapiga pasi taulo. Baada ya taulo ya pili nilimsikia binti yetu akimweleza mama yake, kwa Kiingereza na bila kujali sauti, kwamba baba anaitazama tena ile picha ya jengo. Jambo hilo lilikuwa kweli. Nilikuwa nimeifungua kwenye simu na kuiegemeza kwenye chupa ya maji ya pasi.

Mke wangu akaja akasimama mlangoni.

"Profesa." Huniita hivyo ninapojifanya mtu mkubwa, ingawa cheo hicho sijawahi kukikaribia. "Hebu niambie. Hilo jumba lina nini?"

Nilianza na mambo ya mtindo wa ujenzi, akaniinulia kiganja. Nikamweleza hadithi wanayoisimulia wenyeji: kwamba zamani ardhi yote ya pale ilikuwa ya askofu, na wananchi walipomwomba kiwanja wajenge jumba lao aliwanyima hata kipande. Basi wakapiga nguzo katikati ya mto, wakajenga juu ya maji, ambako hakuna ardhi ya mtu.

Mke wangu akaketi kitandani.

"Yaani walinyimwa kiwanja."

"Walinyimwa."

"Wakajenga mtoni."

"Wakajenga mtoni."

"Na hawakubomolewa?"

"Mpaka leo."

"Hao maskwota! Miaka yote hii unanieleza habari za madirisha na rangi, kumbe ni habari ya kiwanja? Si ungesema?" Alicheka mpaka akashika ubavu. Baba yake alimaliza uzee wake akienda na kurudi ofisi ya ardhi. Alipomaliza kucheka akanyoosha mkono achukue simu yake, na uso ukabadilika. "Sasa itabidi nimwambie Shangazi."

Kumwambia Shangazi kwamba hutafika kwake si jambo dogo. Nilimwambia aache, tutaona mwaka mwingine. Akanijibu kwamba mwaka mwingine ni neno la watu ambao hawajafanya kazi wodini. Kule ilikuwa asubuhi. Akapiga, akaweka sauti ya wote kusikia, pengine ili nami nibebe sehemu yangu.

"Shikamoo Shangazi."

"Marahaba mwanangu. Nimeshawatafutia mablanketi. Mumeo ana miguu mirefu kiasi gani? Kitanda changu cha wageni ni kifupi."

Mke wangu alinitazama miguu. "Shangazi, nilikuwa nataka kukuambia. Siku zimekuwa chache. Tumejaribu kuzipanga..."

"Hamji."

"Si kwamba hatuji, Shangazi..."

"Hamji. Sema tu. Mnakwenda kwa nani?"

Mke wangu alifumba macho. "Bamberg."

"Bamberg tuna nani?"

"Hatuna mtu, Shangazi. Kuna jumba. Mume wangu anataka kuliona jumba."

Binti yetu alikuwa amekuja mlangoni na mkono mdomoni.

"Mnanipita mimi," Shangazi alisema polepole, "kwa ajili ya jumba."

"Limejengwa mtoni," mke wangu alisema, nami nikamwona jinsi alivyoishiwa. Akaanza kumweleza habari za askofu na kiwanja, haraka haraka, kama mtoto anayejieleza kwa nini kachelewa. Shangazi hakumkatiza. Alipomaliza, tulisikia kijiko kikizunguka ndani ya kikombe.

"Marehemu alikuwa akisema atanipeleka huko," Shangazi alisema. "Kila mwaka ilikuwa mwakani. Kisha mgongo, kisha moyo. Mimi nimeishi nchi hii nikaijua stesheni, duka na hospitali. Na hii miaka miwili, hata stesheni sijaiona." Kijiko kikasimama. "Huyo mumeo yupo hapo?"

"Nipo, Shangazi. Shikamoo."

"Marahaba. Treni ya kutoka kwangu mpaka huko inabadilishwa wapi?"

Niliijua. Nilimwambia, pamoja na behewa la kuketi ili ngazi ziwe karibu.

"Basi tafuta nyumba, si hoteli. Iwe na jiko, maana sitakula mkate usiku kama mgonjwa. Na iwe chini, nina magoti. Mimi nitawafuata. Mmenipita, nami nawafuata, tuone nani ana aibu."

Akakata simu. Mke wangu alikaa na simu mapajani, kisha akaanza kulia na kucheka kwa wakati mmoja, na binti yetu akasema, kwa Kiswahili, jambo ambalo si la kila siku: "Mama, amekubali. Kwa nini unalia?"

Tulikwenda majira ya joto ya huko. Pale Bamberg Shangazi alishuka kwenye treni akiwa na begi la magurudumu na sufuria mbili, na alipomwona mke wangu alimshika mashavu, akamgeuza huku na huku, kama anayekagua kitu alichokituma mbali akakipokea tena. Hawakuachana mikono mpaka kesho yake.

Mimi nilikuwa nimepanga kusimama darajani peke yangu, kimya, asubuhi na mapema. Nilisimama saa sita mchana, Shangazi ameniegemea mkono wa kulia kwa sababu ya mawe ya barabarani, mke wangu yuko upande wa pili, na watalii wanatupita. Jumba lilikuwa dogo kuliko nilivyodhani, na zuri zaidi. Kuta zake zimechorwa watu na malaika. Nilikuwa nimetayarisha maneno machache, lakini Shangazi alikuwa akimweleza mpwa wake jinsi ya kumwosha samaki kwa ndimu, nami sikutaka kumkatiza. Ghafla akanyoosha kidole.

"Nyie. Yule mtoto, mguu wake umetoka nje."

Tukatazama. Ni kweli: malaika mmoja mdogo amechorwa ukutani mwili mzima, ila mguu wake ni wa kuchongwa, umechomoza nje ya picha, unaning'inia hewani juu ya vichwa vya watu. Sikuwahi kuujua. Shangazi akauliza kama mguu ule ulikuwa ukitoka au ukiingia. Mke wangu akasema unatoka, mimi nikasema unaingia, na tukabishana pale mpaka Shangazi akataka mahali pa kukaa.