Nyumba ya Mwisho Kando ya Reli

Majirani wa Mushiya walipohama waliondoka na mabati, milango, hata fremu za madirisha, maana mtu wa Kolwezi haachi bati lake nyuma. Zilibaki kuta tu, kila moja na msalaba mwekundu wa watu wa reli, alama ya kubomolewa njia ipite. Nyumba yake nayo ilipigwa msalaba, na nyumba mpya alikwisha kuonyeshwa ng'ambo ya mji. Hakuhama. Kwao Kasai mjane hatoki katika nyumba ya kilio, wala hali sahani moja na mtu, mpaka ndugu wa marehemu aje kumnyoa nywele na kumvua nguo nyeusi, yaani kumtoa kilio, au kumtosha kilio kama wasemavyo Kolwezi. Marehemu mumewe, Kabasele, alikuwa na ndugu mmoja tu, Lukusa, mfanyabiashara wa Dilolo, na Lukusa alisema kwenye simu kwamba mgongo wake hauwezi ile barabara ya malori.

"Ngoja treni, mama. Reli ikipona, mi nitakuya."

Basi Mushiya akaingoja reli kuliko hata wale waliotia sahihi ijengwe upya.

Reli ilikuwa na visa. Kila adhuhuri alimpelekea bukari, ule ugali wao, na sombe la majani ya muhogo Stanislas, mlinzi wa rundo la mataruma, mtu pekee aliyebaki wa kusema naye.

"Leo ni nini tena, tata?"

Stanislas hakukosa jibu. Mara vyuma vimekwama mpakani kwa watu wa forodha, "ba douane habayaweka signature." Mara mvua imebeba tuta upande wa Kisenge. Mara kampuni kubwa imegombana na kampuni ndogo, mafundi wamerudi kwao. Mara waziri amebadilishwa, na huyu mpya anataka kuusoma mkataba upya tangu ukurasa wa kwanza. Mushiya alisikiliza, akasubiri sahani, akarudi kula chake peke yake. Jioni ndizo zilizomshinda. Aliongea na redio, na redio, kwa kukosa adabu, ilizimika katikati ya maneno.

Halafu malori yakaja kweli. Mhandisi wa reli, Brigitte, akabisha hodi kwenye mlango pekee uliosalia mtaani.

"Bitu yote ishafika, mama. Inabakia tu nyumba yako. Sasa ni weye unachelewesha."

Mushiya alicheka, kicheko kisicho na raha. Kumbe treni ilikuwa inamngoja yeye, naye anaingoja treni. Akampigia Lukusa.

"Tata Lukusa, kuya na lori, mara hii moja tu. Utoshe kilio, nitoke, njia ipite."

Lukusa akakohoa. "Mama, hata treni ikifika... magazini, hii duka yangu, haina mutu wa kuachia. Tutaona."

Hapo akaelewa. Reli haikuwa na kosa lolote katika jambo hili. Lukusa alikuwa na sababu zake kama watu wa mpakani walivyo na zao, na hakuwa na nia ya kuja, si kwa lori, si kwa treni. Misimu yote hiyo alikuwa akimngoja mtu ambaye hata viatu hakuvaa. Iliuma, tena iliuma sana.

Asubuhi alikaa mlangoni na mkasi wake wa kushonea, akajinyoa mwenyewe. Alilia kwa sauti, akimlilia Kabasele na kujililia. Kisha akalivua gauni jeusi, akajifunga kitenge cha njano ambacho mumewe alimnunulia, akaanza kutafuta ngazi ya kushushia mabati.

Adhuhuri alipeleka sahani kama kawaida. Stanislas naye alikuwa amefunga mzigo. Mataruma yanaondoka na mlinzi wao. Alikitazama kile kichwa kisicho na nywele, akakitazama kitenge.

"Nani alikutosha kilio, mama?"

"Mi mwenyewe."

Stanislas alinawa, akamshikia Mushiya maji naye anawe, akaisogeza sahani katikati yao.

"Kula, mama."

Wakala pamoja. Kesho yake tingatinga likaja.