Nahodha wa bwawa anayeulizia mvua kwenye simu

Saa kumi na mbili na nusu asubuhi, ukungu bado umelala juu ya bwawa la Kwa Tomsoni, nje kidogo ya mji wa Kitale. Phelista Nasambu amesimama ndani ya boti ya kijani, gambuti miguuni, anachota kwa mkebe wa rangi maji yaliyoachwa na mvua ya jana. Mkono wa pili umeshika simu.

“Hii inasema jua mpaka saa nane,” anasema baada ya kufungua apu ya kwanza ya hali ya hewa. Anafungua ya pili. “Hii inasema saa saba.” Anafungua ya tatu na kutabasamu. “Hii ni muoga kama mimi. Inasema saa sita na nusu. Basi leo tunaamini muoga.”

Hajamaliza. Anampigia Absalom, mkusanyaji wa maziwa anayezunguka kwa pikipiki kwenye miteremko ya Mlima Elgon, upande wa Endebess. Mvua nyingi za alasiri hupita kwa Absalom kwanza kabla ya kushuka bwawani. Absalom anajibu kwamba kuna baridi tu, mlima unaonekana wote.

“Absalom ndiyo apu yangu ya nne,” Phelista anasema akirudisha simu mfukoni. “Na hii haimalizi bando.”

Mama huyu wa watoto watatu, mkazi wa mtaa wa Tuwan, ndiye nahodha wa boti mbili za kasia katika bwawa hilo. Wakazi wa Kitale hawana bahari wala ziwa karibu, lakini hamu ya kuelea wanayo. Hufika Jumapili baada ya kanisa, wamevalia viatu vyao vizuri, wakala chipsi kando ya maji, wakazungushwa bwawani na kupigwa picha. Mtu mzima hulipa shilingi mia mbili, mtoto nusu yake, na kila mmoja huvaa jaketi la kuokolea maisha, apende asipende. Mwandishi huyu alivishwa lake kabla hata ya kumaliza kusalimia.

Phelista alizaliwa Matulo, karibu na Webuye, na alijifunza kuogelea katika mto Nzoia akiwafuata kaka zake, mama yake akipiga kelele bila kusikilizwa. Alikuja Kitale alipoanza maisha na Makokha, fundi wa baiskeli. Alikuwa akiuza mitumba wakati familia zinazomiliki kwa hisa shamba lenye bwawa hilo zilipoamua kuweka boti na kutafuta nahodha anayejua maji.

“Wanaume walikuja wengi,” anakumbuka. “Wakaambiwa waingie kwa maji, wakaanza kuangaliana. Mimi nikaingia na leso yangu.”

Mwaka wa kwanza alitazama mbingu tu, kama kila mtu. Halafu alasiri moja ya Aprili akawa katikati ya bwawa na akina mama wa chama, wingu likatokea nyuma ya miti na radi ikapiga mkaratusi ukingoni. Alipiga kasia hadi nchi kavu huku abiria wake wakiimba na kulia kwa pamoja. Hakuna aliyeumia.

“Nilijiambia, hii maisha ya watu siwezi kubahatisha nayo tena.”

Dada yake Jentrix, anayeuza viatu mjini Bungoma, ndiye aliyempa wazo la kununua simu yenye utabiri wa hali ya hewa. Waliinunua pamoja huko huko Bungoma, kijana wa dukani akaweka apu, akapanga kila kitu na kumkabidhi. Phelista alirudi Kitale na simu yake kama mtu aliyepata cheo.

Hapo ndipo mambo yalipokwenda kombo. Kwa karibu miezi miwili alitii simu ile bila kuuliza swali. Ikisema mvua, anafunga boti kwa mnyororo. Watoto wa shule ya Jumapili walifika siku moja jua likiwachoma utosini, akawarudisha nyumbani wengine wakilia. Kundi la wauguzi nalo likarudishwa, anga ikiwa safi kabisa. Watu wa bwawani wakaanza kumwita Mama Mvua.

Mwenyekiti wa familia hizo, Mzee Wanyoike, akaishiwa na subira. Alimwambia mbele ya kamati kwamba akifuta safari nyingine na tone lisianguke, kasia litapewa mtu mwingine.

Siri ilifichuliwa na Jentrix, tena bila kujua. Alimpigia dada yake akilalamika kwamba mvua imelowesha viatu vyote alivyokuwa ameanika nje ya kibanda. Phelista akaangalia simu, ikaonyesha mvua dakika hiyo hiyo. Akaangalia nje, jua.

“Nikatazama vizuri pale juu. Imeandikwa Bungoma!” anasema, na kicheko kinamfanya aweke mkebe chini. “Ati siku zote hizo nafungia watu wa Kitale sababu ya mvua ya dada yangu! Si nilicheka mpaka nikakaa kwa nyasi.”

Mzee Wanyoike hakucheka. Alimsikiliza hadi mwisho, akamwambia onyo liko pale pale.

Basi Phelista akaanza upya. Alimwomba binti yake, Joy, amwonyeshe jinsi ya kuweka alama ya apu juu ya bwawa lenyewe. Akaongeza apu mbili nyingine, kwa kuwa moja ilikuwa imeshamtia aibu. Akamtafuta Absalom na kufanya naye mapatano: yeye ampe habari za mlima, naye Phelista awazungushe watoto wa Absalom bure kila sikukuu.

Mtihani ulikuja Agosti, kwa sura ya harusi. Mary Ann, kitinda mimba wa Mzee Wanyoike, alikuwa anaolewa na Kizito, mwalimu kutoka Mabanga, Bungoma. Kanisa lilikuwa saa tano. Saa nane na nusu maharusi wangepanda boti na kupigwa picha, wageni wakiwa chini ya mahema kando ya maji.

Siku nne kabla ya Jumamosi ya harusi, apu zote tatu zilisema kitu kimoja kwa mara ya kwanza: ngurumo na mvua kubwa kuanzia saa nane.

“Zikigombana mimi nalala,” Phelista anasema. “Zikikubaliana ndiyo naogopa.”

Angeweza kunyamaza na kuomba Mungu. Lakini alikumbuka mkaratusi ule uliopasuka, akavaa viatu akaenda nyumbani kwa mwenyekiti.

“Mama Joy, hii ni mvua ya wapi?” mzee alimuuliza. “Ya Bungoma tena?”

“Ni ya hapa, Mzee. Tufanye picha asubuhi, na wageni wakule kwa ukumbi wa kanisa, pale karibu na bwawa.”

“Asubuhi? Bwana harusi aone bibi harusi kabla ya kanisa? Hiyo kwetu haiko. Na hata kwenu Bungoma najua haiko.”

Aliyejibu ni Mary Ann mwenyewe, aliyekuwa akileta chai kutoka jikoni.

“Baba, si tupeane tu mgongo?”

Mzee alikubali picha za asubuhi na ukumbi, lakini kwa sharti moja. Jumamosi isiponyesha, Jumatatu Phelista alete funguo za mnyororo wa boti.

Jumamosi saa mbili asubuhi, bibi harusi aliletwa bwawani akiwa amezungushiwa vitenge na shangazi zake, akaketishwa mbele ya boti ya kijani akitazama miti. Kisha akaletwa Kizito, kinyumenyume, amefungwa kitambaa cha macho, amevaa viatu vipya vyenye soli ya kuteleza.

“Hapo nilisali,” Phelista anasema. “Mwanaume kuingia boti na mgongo! Angeanguka, ningeambiwa nimezamisha harusi.”

Hakuanguka. Aliketi nyuma ya bibi harusi, mgongo kwa mgongo, kitambaa kikavuliwa, Phelista akashika kasia. Ukingoni shangazi wa Kitale na shangazi wa Mabanga, ambao hawakuwa wamezoeana, walikuwa wakipiga kelele neno moja kwa umoja wa ajabu: “Usigeuke!”

“Uko hapo nyuma kweli?” Kizito aliuliza.

“Niko. Wewe tazama mbele, bana,” Mary Ann akamjibu, na wote wawili wakacheka bila kuonana. Mpiga picha alinasa kicheko hicho.

Saa nane ikafika. Jua. Wageni walikuwa wamebanana ukumbini chini ya mabati, wakijipepea kwa kadi za mwaliko na kuulizana ni nani aliyewanyima upepo wa bwawani. Mtu akataja Mama Mvua, kicheko kikapita meza hadi meza. Mahema hayakuwa yamebomolewa, na kupitia dirishani yalionekana yakingoja watu wake.

Saa nane na nusu, jua bado. Phelista alikuwa mlangoni, hajagusa chakula.

“Nilikuwa naomba mvua iharibu siku nzuri ya watu,” anasema, na kwa mara ya kwanza asubuhi hii sauti yake inashuka. “Nilijiona mtu mbaya sana. Lakini hiyo kazi ndiyo inasomesha Joy. Na mimi naipenda. Hakuna kitu ingine naijua hivyo.”

Simu ikalia. Alikuwa Absalom, akipiga kelele kushinda upepo.

“Weka watu ndani, mama! Huku ni mawe, hata ng'ombe zimekimbia!”

Haikuchukua muda. Giza liliingia ukumbini, upepo ukapita, kisha mvua ya mawe ikaanguka juu ya mabati kwa kishindo kilichomfanya msema chochote, yaani mshereheshaji, aweke kipaza sauti chini. Hema moja lilipeperushwa likatua bwawani. Boti ya pili, ile ya njano, ilipinduka ikiwa imefungwa. Radi ilipiga mara mbili upande wa maji, mahali ambapo wakati huo maharusi wangekuwa wakitabasamu mbele ya kamera.

Mzee Wanyoike alisimama mlangoni kando ya Phelista, akatazama nje. Halafu akaenda kwenye meza ya chakula na kurudi na sahani ya pilau na nyama aliyoipakua kwa mkono wake.

“Mama Joy,” alisema. “Kula.”

Phelista anasema alikula huku akilia, na pilau ile ilikuwa tamu sana.

Mzee mwenyewe hakatai habari hizo. “Ile siku niliamini msichana wangu, sio simu,” anasema. “Lakini saa hii sianiki mahindi kabla sijapigia Mama Joy. Nani anataka mahindi ya kuoza?”

Ile picha ya kupeana mgongo imetembea kwenye simu za watu hadi Bungoma na zaidi. Maharusi sasa wanafunga safari kuja kupigwa kama hiyo, na Phelista huwapangia asubuhi.

Harusi anayoisubiri zaidi ni yake. Yeye na Makokha wameishi pamoja miaka kumi na mitano bila kupitia kanisani, na Januari, jua la kiangazi likiwaka, watafunga ndoa Tuwan na kumalizia bwawani. Kila siku anachungulia utabiri wa siku hiyo, ingawa apu zake zinaona siku kumi tu mbele.

Na je, watapeana mgongo?

“Apana! Mimi nitamtazama tu,” anasema. “Hiyo sura nimeizoea, haiwezi kunishtua.”

Kasia litashikwa na Mzee Wanyoike, ambaye hadi juzi hakuwahi kutia mguu botini. Aliomba kazi hiyo mwenyewe. Jioni hufika kujifunza, amevaa majaketi mawili kwa usalama zaidi, na kufikia sasa amefaulu kuizungusha boti pale pale ilipo.

Na kama siku hiyo itanyesha?

“Inyeshe,” Phelista anasema, akiusukuma mkebe chini ya kiti na kufungua mnyororo. “Siku hiyo mimi ni abiria. Mwenyekiti ndiye ataangalia simu.”