Pikapu ya Mutuku Kwenda Kuleta Mbuzi

Tarehe kumi na nne Januari nilimpoteza mume wangu, Mutuku. Aliacha pikapu kuukuu, na mbuzi wachache waliochungwa na rafiki yake Parsaloi, nje kidogo ya Kajiado. Mwezi uliofuata shemeji yangu Kioko alibadilisha breki za nyuma za pikapu, na tangu hapo breki ya mkono ikakataa kushika. Alikaza waya wake, ikashika siku mbili, ikalegea tena. Akasema gari liuzwe kabla halijagonga mtoto kwenye mteremko wa plotini. Mimi sikutaka liuzwe. Sweta ya Mutuku bado ilikuwa nyuma ya kiti. Nikaomba safari moja: niende nilete mbuzi, na nikirudi na breki mbovu mimi mwenyewe nitampa Kioko ufunguo.

Asubuhi, nyumbani Noonkopir. Kioko alikaza waya tena, kisha akaweka jiwe kubwa miguuni pa kiti cha abiria. "Handibreki yako ndiyo hii, Mama Mwende."

Isinya nilisimama kununua maji. Nilipovuta mkono wa breki ulishika, lakini ulikuja juu kuliko asubuhi. Breki ilikuwa imeanza kulegea tena. Mtu wa kuambiwa hakuwepo.

Kajiado ilikuwa siku ya mnada wa mifugo. Ng'ombe walijaa barabarani, nikawa nakanyaga breki kila hatua. Nilipoingia kwa Parsaloi nilivuta mkono hadi mwisho, na gari likaendelea kurudi nyuma polepole kuelekea zizi la ndama. Nikakanyaga breki ya mguu. Parsaloi akachukua lile jiwe la Kioko, akaliweka nyuma ya gurudumu.

"Takwenya," akanisalimu kwa Kimaasai.

"Iko," nikaitikia.

Tulipokuwa tukinywa chai nilimtaja Mutuku kwa jina, na mke wa Parsaloi akatazama chini. Nikakumbuka kwamba wao Wamaasai hawataji jina la aliyekufa. Baada ya hapo nikasema "mwenye gari", kama wao.

Mchana nililala chini ya pikapu. Waya ulikuwa mzima. Nikapiga jeki, nikavuta mkono wa breki, na gurudumu likazunguka tu. Basi shida ilikuwa ndani. Nilifungua upande wa kulia na kutazama adjasta, kile chuma chenye meno kinachosukuma breki, kadiri zinavyolika, karibu na drami, lile bakuli la chuma linalozunguka na gurudumu. Kilikuwa kimejifunga karibu chote. Nilipobonyeza breki kwa mkono, kilizunguka kinyume: badala ya kusukuma, kilirudi ndani.

Hapo nikaelewa. Kioko alifungua magurudumu yote mawili kwa pamoja, akachanganya adjasta ya kulia na ya kushoto. Kila nilipokanyaga breki njiani, nilikuwa nailegeza. Nilimshikia Mutuku tochi mara nyingi, na hakufungua gurudumu la pili kabla ya kufunga la kwanza. Alisema lile lililofungwa ndilo la kukuonyesha umekosea wapi.

Nikamweleza Parsaloi, kisha nikaenda kufungua la kushoto.

"Na wewe sasa umefungua mawili," akasema.

Ilinibidi kucheka. Sikuwa nimecheka tangu mazishi. Nikampa adjasta moja aishike, nikamwambia asiiweke chini hata akiitwa. Alisimama ameikunja kwenye ngumi mpaka nilipoihitaji. Nikabadilisha, nikasogeza breki karibu na drami, na mwisho nikalegeza waya aliokuwa amekaza Kioko.

Jioni nilirudi na mbuzi. Nilisimama Isinya tena, na mkono ulishika pale pale ulipokuwa umeshika Kajiado baada ya matengenezo.

Nilichojifunza ni kidogo. Waya ni wa mwisho kuguswa. Na mambo mengi ya Mutuku ninayo, ila sikujua kwamba ninayo.

Nyumbani nilisimamisha gari katikati ya mteremko, nikavuta mkono, nikaondoa mguu, nikazima injini. Kioko alikuwa amesimama kando na jiwe lingine mikononi. Nikamwambia wazi kwamba alichanganya kulia na kushoto. Akasema, "Mimi hufungua yote ndio nimalize haraka, shemeji." Akangoja bado. Gari halikusogea. Akaliweka jiwe kando ya ukuta, akaja kushusha mbuzi.